Benchi la Marehemu

Zipu ilikwama.

Ndiyo, msomaji, najua. Wiki nzima umenilaumu kwamba nilimwacha Fundi ameinama mlangoni pa hema, mkono kwenye zipu, huku ndani sauti ya mwanamke inacheka na kulitaja jina la mumewe. Nami sikulala vizuri. Lakini zipu ikikwama imekwama, na mwandishi hana la kufanya.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi: Fundi ni mshona mahema na mabegi. Mumewe, ambaye kazini wanamwita Kasia, huongoza boti za mpira katika hifadhi moja ya mtoni, ambako watu huja kupiga kambi, kuogelea na kuvua samaki. Nyumbani hurudi mwisho wa mwezi. Miaka yote amekuwa akimwambia mkewe kwamba familia za wafanyakazi haziruhusiwi kambini. Jumamosi hii Fundi kaja bila kualikwa, kama mgeni mwingine yeyote, kafuatana na wifi yake, msusi, mwanamke wa maneno mengi. Njia nzima wifi aliongea. Alinyamaza mara moja tu, pale walipobadilisha basi katika mji wa katikati.

Fundi alikuja kujua jambo moja. Ana mume, au ana mgeni anayelala kwake mwisho wa mwezi? Akikuta mwanamke, anarudi nyumbani, anafungasha cherehani na watoto, anaondoka. Hana mjadala.

Na kitu cha kwanza alichokikuta ni hema hilo. Hema la kijani, la watu wawili, mshono wake umemaliziwa kwa uzi mwekundu kwenye kona ya nyuma, chini kabisa, mahali pasipotazamwa na mtu. Fundi humalizia hivyo kila hema lake. Hili alimshonea mumewe, na mumewe akaja kumwambia kwamba mafuriko yamelichukua.

Mto gani huo unaolichukua hema, kisha ukalisimamisha chini ya mti na kukaza kamba zote?

"Nani hapo?" sauti ikauliza kutoka ndani. "Vuta kwa juu kidogo. Hiyo zipu ina kiburi."

Yaani anafundishwa kufungua zipu aliyoishona kwa mikono yake! Fundi akavuta kwa juu. Zipu ikafunguka.

Ndani ameketi mwanamke kijana, nywele zimelowa, na mabegani kajifunika sweta la kahawia. Fundi alilijua sweta lile. Alilinunua yeye, akalipunguza mikono yeye. Maneno yote aliyoyapanga tangu stendi yakaja mdomoni kwa pamoja.

Ndipo akaiona sindano.

Yule mwanamke alikuwa anashona. Ubavu wa hema ulikuwa umepasuka, naye alikuwa anauziba kwa uzi wa vifungo, mishono mirefu kama ya kufunga gunia la mkaa.

"Unafanya nini?" Fundi akauliza, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mke. Ilikuwa ya fundi.

"Nyani kalipasua jana. Nashona."

"Huko si kushona, huko ni kulitesa hema. Mvua ya kwanza maji yote yanapita hapo. Lete hapa!"

Cheka tu, msomaji. Wapo wanawake ambao wangeanzia kwenye nywele. Huyu wangu alimnyang'anya mwenzake sindano, akaketi, akatoa uzi wa nailoni kwenye mkoba wake, akaanza kufumua. Kuguswa mume kulimuuma. Kuguswa mshono hakuweza kukuvumilia kabisa.

"Kumbe wewe ni fundi!" yule mwanamke akafurahi. "Karibu, dada. Mimi ni mwokoaji. Mgeni akizama, mimi ndiye ninayemtoa. Wananiita Kiluwiluwi kwa sababu sitoki majini."

"Na sweta hilo?" Fundi hakuinua macho.

"La Kasia. Anayetoka majini na baridi ndiye analivaa. Jana alilivaa mpishi."

"Na kicheko kile? Mbona uko peke yako?"

Kiluwiluwi akanyanyua redio ya mkononi. "Kasia kaniambia mgeni mmoja kaangusha meno ya bandia kwenye maporomoko. Sasa boti nzima inatafuta meno."

Majibu yalikuwa mazuri mno, na majibu mazuri mno humzidishia mtu wasiwasi. Akavuta uzi, akauliza kama mtu asiyejali, "Na hema hili ni la nani?"

Kiluwiluwi akashusha sauti. "Hili halilali mtu. Tunalifagia, tunalipigisha jua, basi. Hili ni la marehemu."

"Marehemu gani?"

"Mke wa Kasia. Mwaka wa pili sasa."

Sindano ikamchoma Fundi kidole, wala hakusikia.

Hebu jiweke hapo. Umekuja kumkamata mwizi wa mume, unaambiwa wewe umeshakufa, tena zamani, na watu wameshazoea.

"Alikufa na nini?" aliuliza. Wewe ungeuliza nini?

"Homa, ghafla tu. Sisi hatukuwahi kumwona, dada, lakini tunamjua. Jioni boti zikishatolewa majini Kasia hukaa hapo, anatusimulia. Mwanamke yule alikuwa na mikono! Hema hili alilishona yeye. Njoo uone." Akamvuta Fundi hadi kona ya nyuma, akainua ukingo wa turubai. "Unaona uzi huu mwekundu? Kasia anasema mkewe alikuwa anauficha hapa kila hema, na hakuwahi kumwambia mtu. Yeye aliugundua, akanyamaza, maana ilikuwa siri ya mkewe na alipenda awe nayo."

Fundi akaukodolea macho uzi wake. Hakuwahi kumwonyesha mumewe. Hakujua kama yule bwana huangalia chochote ndani ya nyumba zaidi ya sahani na kitanda.

"Endelea," akasema.

"Anasema hata achelewe vipi, mkewe hali peke yake. Atakuta sahani mbili zimefunikwa. Anasema akicheka anacheka mpaka anashika ukuta asianguke. Anasema akishona anaimba, nyimbo nusunusu, hamalizi hata mmoja. Sisi wengine tunamsikiliza tunajiuliza, nani atatupenda hivyo?"

Sahani mbili, ni kweli. Kucheka mpaka kushika ukuta, ni kweli pia, ingawa ni zamani. Lile la kuimba lilimshangaza, kwa sababu Fundi akishona huwa na pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni haimbi. Akalipuuza. Wanaume wakisifu huongeza chumvi.

Kisha wivu ukaja, na sasa sikiliza vizuri, maana haukumwelekea Kiluwiluwi. Kiluwiluwi alishasahauliwa. Fundi alimwonea wivu marehemu. Alimwonea wivu mwanamke anayezungumziwa kila jioni kando ya mto, wakati yeye aliye hai akiuliza chakula kikoje, anajibiwa "kipo tu." Akiuliza gauni hili je, anajibiwa "gauni hilo hilo." Yule mwenzake alikuwa na bahati gani hata apewe maneno yote na yeye apewe nguo chafu za kufua? Na yule mwenzake alikuwa ni yeye mwenyewe! Wivu ulimkaba mpaka akaona haya.

"Wifi!" sauti ikaita nje. "Wifi, bomba la kule maji yake ya baridi kama nini!"

Msusi akatokea na ndoo, akamwona Kiluwiluwi, akasimama kama aliyepigwa msumari.

Kiluwiluwi akamkimbilia, akamkumbatia. "Dada yake Kasia! Kumbe umekuja na mgeni? Pole tena jamani. Mara ile ulipokuja tulishindwa kabisa kukunyamazisha."

Ndoo ikamwagika. Fundi akamshika wifi yake kiwiko, akamwongoza mpaka kwenye mabomba ya kuoshea vyombo, nyuma ya vyoo, mahali ambapo kibao kimeandikwa usilishe nyani. Nyani mmoja alikaa juu ya kibao akiwatazama.

"Kumbe hapa unapajua," Fundi akaanza.

"Wifi, usiniulize."

"Nakuuliza. Ulikuja hapa ukanililia?"

"Nilikuja. Nililia."

"Kwa machozi?"

"Kwa machozi, wifi. Nililia kweli."

"Ulikuwa umevaa nini?"

Wifi akatazama chini. "Lile gauni lako jeusi. Uliniazima ukasema nikirudisha nilipige pasi."

"Yaani ulikuja kuniomboleza kwa gauni langu! Na ulirudi ukala kwangu!"

"Wifi, muulize kaka. Nakuomba. Mimi nilishasema hii kitu itatutokea puani."

Hakusema zaidi, na kwa jinsi unavyomjua msusi huyu, msomaji, hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu. Lakini Fundi alikuwa ameshalewa hasira, na mlevi hasikii vizuri. Isitoshe, filimbi ikalia.

Aliyepuliza ni mkuu wa hifadhi, mtu mzima mwenye kaptura iliyonyooshwa, ambaye kila mtu humwita Filimbi kwa sababu haitoki mdomoni hata akila. Kila Jumamosi boti zikirudi huwaita wageni wote. Kila mgeni huokota jiwe laini kutoka mtoni, kisha wanaongozana mpaka kwenye kona ya mto, penye benchi, wanayaweka mawe juu ya benchi. Baada ya hapo Kasia husema maneno machache, wageni hufuta machozi, halafu wote huenda kula viazi vya kuchoma. Filimbi anaamini shughuli hiyo inawafanya wageni warudi tena.

Fundi akafuata msafara. Jiwe hakuokota.

Benchi lilikuwa zuri, la mbao nene, limelainishwa kwa mvua na mikono ya watu. Kwenye egemeo waongozaji wa boti walikuwa wamechonga cherehani. Fundi akaitazama. Sindano wameiweka upande uleule wa gurudumu. Hata cherehani yangu wameikosea, akasema moyoni, na jambo hilo dogo likamuuma kuliko kifo chake.

Akasogeza mawe pembeni, akaketi.

Wageni wakaguna. Filimbi akatoa filimbi mdomoni, jambo lisilotokea mara kwa mara. "Mama, samahani, hapo hapakaliwi."

"Nimechoka, baba."

"Ni benchi la marehemu, mama."

"Hatakasirika. Namfahamu."

Hapo hapo Kasia akapanda kutoka mtoni, amelowa mpaka kiunoni, kasia begani, anacheka na mzee mmoja asiye na meno. Akamwona nani kaketi kwenye benchi. Kasia la begani likamponyoka, likabiringika mpaka majini, na hakuna aliyelifuata.

"Haya, Kasia," Filimbi akasema, asijue lolote, "wageni wanasubiri. Waambie kidogo habari za mama yetu."

"Waambie," Fundi akasema kwa upole wa kutisha. "Tumetoka mbali kumsikia."

Wageni wakamzunguka na mawe yao mkononi. Kiluwiluwi akakunja mikono ndani ya sweta. Msusi akajificha nyuma ya watu. Kasia hakuwa na pa kukimbilia, mbele benchi, nyuma mto.

Akaanza kuongea. Mwanzoni aliongea kama mtoto anayekariri somo. Kisha macho yake yakakutana na ya mkewe na hayakubanduka.

"Mke wangu," alisema, "alikuwa akinisikia nikija kabla sijafika mlangoni. Nilikuwa nasikia anaweka mkasi mezani. Nikisikia mkasi ule, uchovu wote unaniisha. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani mtu akirudi nyumbani ameshasema. Kila nikiwa njiani nilijisemea leo nitamwambia, nikifika nauliza chakula."

Mama mmoja mgeni akapenga kamasi. Fundi alitaka kumpiga makofi mumewe, na alitaka asinyamaze. Mambo yote mawili aliyataka sana. Machozi yalimlengalenga, akayazuia, maana ni aibu kulia katika msiba wako.

Alipomaliza, Fundi akasimama.

"Jamani, asanteni kwa mawe. Marehemu ni mimi."

Mgeni mmoja akaangusha jiwe lake mguuni, akasahau kupiga kelele. Filimbi, aliyekuwa ameshairudisha filimbi mdomoni, akavuta pumzi, ikalia yenyewe.

"Huyu bwana ni mume wangu," Fundi akaendelea. "Mwisho wa mwezi uliopita alikula kwangu. Hema lile ni langu na sweta lile ni langu. Nimekufa lini, baba watoto? Niambie, nijue hata tarehe ya kujiombea."

Kiluwiluwi akalivua sweta taratibu kana kwamba linamchoma.

Filimbi ndiye aliyelipuka kwanza. "Kasia! Nilikupa ruhusa wiki nzima ukamzike! Wakati wa mafuriko, wenzako wanaokoa boti usiku na mchana, mimi nikakupa dereva akufikishe stendi! Ulikuwa unalia mpaka dereva akalia!"

"Wakati wa mafuriko?" Fundi akageuka.

Hapo hasira zikamtoka kidogo, na akili ikaingia. Wiki ile aliikumbuka. Ndiyo wiki ambayo mumewe alimpigia simu kwamba hawezi kuja nyumbani, mto umefurika, yuko kambini anaokoa boti, na hema limechukuliwa na maji.

"Kwangu hukuja," akasema polepole. "Na huku hukuwepo. Ulikuwa wapi?"

Nyuma ya watu kilio kikatoka. Alikuwa ni msusi.

"Kaka," alisema, "mwambie. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Kasia akafuta uso kwa kiganja, ingawa kiganja chenyewe kilikuwa kimelowa.

"Nilikuwa msibani," akasema.

"Msiba wa nani? Mimi si huyu hapa?"

"Sikuwadanganya hawa, mama watoto. Nilimzika mke wangu. Kulikuwa na mwenzako. Mji wa katikati, pale mnapobadilisha basi. Ni mtaa wa nyuma ya stendi."

Fundi akarudi nyuma hatua moja, benchi likampiga nyuma ya magoti, akaketi bila kupenda. Asubuhi hiyo alikunywa chai pale stendi. Alimwona wifi yake akitazama dirishani, akadhani kichefuchefu cha safari. Nililia kweli, wifi alisema. Sasa akaelewa alimlilia nani.

"Na hema langu?"

"Alikuwa na chumba kimoja. Wazazi wake walipokuja msibani hawakuwa na pa kulala. Walilala ndani ya hema lako. Ningelirudishaje kwako? Nikaja nalo huku. Wenzangu walijua hema kashona mke wangu, nilishawatambia. Wakaniona nimetoka kuzika nimelibeba, wakasema ni la marehemu. Sikuwa na nguvu za kuwasahihisha. Kesho yake nikawakuta wanachonga cherehani."

Hakuna aliyeenda kula viazi.

Ungemtegemea Fundi apige kelele. Ungemtegemea aondoke, kama alivyojiapiza. Nami nilimtegemea hivyo. Lakini Fundi aliinama, akaokota jiwe moja kati ya yale aliyoyasogeza pembeni, akaligeuza mkononi.

"Aliyekuwa anaimba akishona ni nani?"

"Ni yeye," Kasia akasema. "Alikuwa akishonashona viraka tu."

Fundi akaliweka jiwe upande wa kushoto wa benchi. Akaokota la pili.

"Uzi mwekundu najua ni wangu." Akaliweka kulia. Kisha akaokota la tatu. "Kaniambia Kiluwiluwi kuna sahani mbili. Kuna kucheka mpaka kushika ukuta. Na wewe mwenyewe hapa umesema kuna mkasi unaowekwa mezani. Mimi nafunika sahani mbili. Mimi nina mkasi. Lakini hata mwenye kushona viraka ana mkasi."

"Mama watoto..."

"Wala usiniombe msamaha, sijafika huko. Nimekuwa namwonea wivu marehemu tangu saa ile, nikidhani namwonea wivu mtu ambaye ni mimi. Sasa nataka changu. Nigawie, baba watoto, mbele ya watu hawa hawa uliowasimulia."

Akamnyooshea lile jiwe la tatu.

"Mkasi ulikuwa wa nani?"

Kasia akalipokea jiwe, akaangalia kushoto kwa benchi, akaangalia kulia, akabaki nalo mkononi.